Tuhamie wapi: Chanika, Kibamba au Kigamboni?

BARUA

Washauri wa safu hii, salaam.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Tunapanga Tabata, vyumba viwili na sebule. Mwenye nyumba ametuambia mkataba ukiisha Desemba kodi inapanda, na anataka ya miezi sita kwa mkupuo kama kawaida. Mimi na mume wangu tumekaa tukaona heri tutoke, tukatafute pa kuishi pembezoni mwa Dar es Salaam, na tukiweza tuanze kujenga chetu.

Mimi ni muuguzi, kazini kwangu ni Upanga. Zamu ya asubuhi naripoti saa moja na nusu. Zamu ya jioni natoka saa mbili na nusu usiku, na zamu za usiku zipo pia. Mume wangu ana duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo, anafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni. Mtoto mkubwa yuko darasa la sita, mdogo yuko chekechea. Tunakaa na mama mkwe, ana presha na kisukari, kila mwezi anakwenda kliniki.

Akiba yetu ni milioni 14. Dalali ametuonyesha kiwanja Chanika, ndani kidogo, “ishirini kwa ishirini”, milioni 4 na nusu. Kutoka kwenye lami ni bodaboda ya 1,500. Anasema umeme uko jirani, barabara inakuja, na tukitoa advansi ya laki tano kabla ya Jumamosi atatushikia. Shemeji yangu anakaa Kibamba. Huko kuna kiwanja kilichopimwa, mita 15 kwa 20, dakika kama kumi kwa miguu kutoka lami, milioni 11. Rafiki yangu wa kazini anaisifia Kigamboni, anasema nyumba za kupanga ni nafuu na hewa ni nzuri. Mwingine anauza kiwanja chake Mapinga.

Mume wangu anasema Chanika ndiko kunakotufaa, maana hela itakayobaki tutainulia kuta. Mimi naogopa usiku na naogopa mvua. Tuchague wapi, na tununue sasa au tupange kwanza?

Mama Aneth, Tabata

JIBU

Mama Aneth, tuanze na la Jumamosi kwa kuwa ndilo la haraka: hiyo laki tano usiitoe. Hujaonana na mwenye kiwanja, hujafanya upekuzi wa kiwanja ofisi ya ardhi, na advansi ikishaingia mfukoni mwa dalali ni kazi kubwa kuitoa. Ikifika mahali pa kutoa advansi, apewe muuzaji mwenyewe mbele ya mwanasheria na mashahidi, kwa maandishi yanayosema wazi kwamba fedha yote itarudi ikibainika kiwanja kina mgogoro, kimewekwa rehani au kimeshauzwa kwa mwingine. Dalali akisema kuna mteja mwingine anakuja kesho, mwache huyo mteja achukue.

Hofu zako mbili, usiku na mvua, ndizo vipimo sahihi vya kuchagulia pembezoni mwa mji huu. Bei ya kiwanja ije baadaye.

Watu wengi wakilinganisha maeneo huhesabu kilometa kutoka Posta, katikati ya jiji. Chanika, Kibamba na Bunju zote ziko mbali kwa kiasi kinachokaribiana, kilometa 25 hadi 35 hivi, kwa hiyo hesabu hiyo haikusaidii sana. Linalotofautisha maisha ni kipande kinachobaki ukishashuka kwenye daladala. Chukua hiyo bodaboda ya 1,500. Kwenda na kurudi ni 3,000 kwa mtu mmoja. Kwa siku 26 za kazi ni 78,000, na wewe na mume wako ni 156,000 kwa mwezi. Tofauti ya bei kati ya Chanika na Kibamba ni milioni 6 na nusu. Bodaboda peke yake itaimaliza tofauti hiyo kwa miezi 42 hivi, yaani miaka mitatu na nusu, na baada ya hapo utaendelea kulipa miaka yote utakayoishi pale. Hapo hatujahesabu watoto wa shule, gunia la mchele, mfuko wa saruji, wala bei ya bodaboda inavyopanda usiku na wakati wa mvua.

Fedha hata si sehemu mbaya zaidi. Zamu yako ya jioni inaisha saa mbili na nusu. Ukikabidhi wodi na kufika kituoni, utashuka kwenye lami kama saa nne usiku. Mwezi wa Aprili njia ya udongo huteleza kiasi kwamba dereva wa bodaboda anakataa kuingia, au anakufikisha nusu ya njia. Na mama mkwe sukari ikimshuka saa tisa usiku hataweza kukaa nyuma ya pikipiki na kushikilia, atahitaji bajaji au teksi inayofika mlangoni. Kwa hiyo kila sehemu mtakayoonyeshwa, ulizeni hivi: bajaji inafika hapa usiku wa mvua? Msimuulize dalali. Waulizeni madereva wa bajaji wenyewe pale kituoni, wao wanajua njia wanayoikataa.

Safari yenyewe ipimeni kwa miili yenu. Shemeji yuko Kibamba, hilo ni jambo jema: nendeni mkalale kwake Jumapili, na Jumatatu asubuhi kila mmoja atoke kwa saa yake kama anaishi pale. Jumamosi haikuonyeshi kitu, wala safari ya saa nne asubuhi. Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri ndiyo utaona kama daladala zinafika kituoni zikiwa zimejaa. Utajua kwa dalili moja: ukiona watu wanavuka barabara na kupanda magari yanayokwenda upande wa mwisho wa njia ili wageuze nayo wapate siti, basi kituo hicho hakina usafiri wa kutosha asubuhi. Kugeuza kunakula muda na pengine nauli ya ziada kila siku ya Mungu, na watu husahau kuiweka gharama hiyo kwenye hesabu. Jioni rudieni zoezi hilo kutoka Kariakoo, na wewe siku ya zamu ya jioni rudi usiku. Hiyo safari ya usiku ndiyo iwaamulie.

Sasa maeneo yenyewe, kwa kazi zenu mbili.

Barabara ya Morogoro inawafaa zaidi, na sababu ni kwamba nyote mnakwenda upande mmoja. Njia maalumu ya mabasi ya mwendokasi iliyoanza kazi 2016 inatoka Kimara hadi Kivukoni na Gerezani. Mume wako atashuka Kariakoo, wewe utashuka kituo cha Fire uingie Upanga. Kutoka Kibamba mtahesabu kubadilisha gari Mbezi au Kimara, na hapo kwenye kubadilisha ndipo muda unapopotea, si kwenye mwendo. Barabara kati ya Kimara na Kibaha imepanuliwa kuwa njia nane, kwa hiyo foleni ya zamani ya Mbezi imepungua. Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kwa upande huo yanatoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, na bomba kuu linafuata barabara hiyo. Hospitali ya Mloganzila iko upande huo huo, jambo kubwa kwa mama mkwe.

Kasoro zake nazo mzijue. Mvua kubwa ikinyesha, mto Msimbazi hufurika Jangwani na barabara hufungwa kati ya Magomeni na Fire, na mwendokasi husimama au hukatishwa. Siku hiyo mtu wa Kibamba huzunguka kwa barabara nyingine na kuchelewa kazini saa nzima au zaidi. Kasoro ya pili ni hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, na wengi wa waliobomolewa walikuwa na karatasi za mauziano na wengine walikuwa na umeme na maji ya serikali. Kiwanja chenu kiko dakika kumi kwa miguu, yaani kama mita 700 au 800, basi kwa barabara kuu yenyewe pengine hakuna shida. Lakini ulizeni TANROADS, wakala wa barabara kuu, na ofisi ya mipango miji ya Manispaa ya Ubungo kama kuna barabara ya mchepuko, njia ya umeme mkubwa au bomba kuu la maji linalopita hapo, maana kila kimoja kina hifadhi yake. Kasoro ya tatu ni milima. Kibamba na Kwembe kuna miteremko mikali, na kiwanja kilicho mdomoni mwa korongo huliwa na maji kila masika hadi korongo linafika kwenye msingi.

Chanika nayo ina watu wengi wanaoishi vizuri, hasa walio kando ya lami. Kwenu shida ni kwamba kutoka Chanika mnapita Pugu na Gongo la Mboto ndipo muingie Barabara ya Nyerere, na kipande hicho cha kwanza ndicho kirefu. Njia ya mwendokasi ya Barabara ya Nyerere inaishia Gongo la Mboto. Treni ya abiria ya Pugu inasaidia asubuhi na jioni, lakini ina saa zake na zamu zako hazifuati saa za treni. Msidanganywe pia na stesheni ya treni ya umeme ya Pugu: ile ni ya safari za Morogoro na Dodoma, si ya kwenda kazini. Kuna mawili mengine ya upande huo ambayo dalali hatayasema. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, kwa hiyo fahamuni upepo unavuma wapi na malori ya taka yanapita wapi. Na msitu wa hifadhi wa Kazimzumbwi unapakana na maeneo ya Chanika na Kisarawe. Watu wameuziwa viwanja ndani ya mpaka wake wakaja kuondolewa. Kiwanja kikiwa “ndani kidogo” upande huo, mpaka wa msitu ni swali la kwanza.

Kigamboni ni kuzuri na rafiki yako hakukosea. Kwa mtu anayefanya kazi Posta, kivuko kinamshusha Kivukoni mlangoni kabisa. Kwako wewe wa Upanga na mume wako wa Kariakoo inabidi kuongeza gari, na kivuko kimoja kikiwa matengenezo foleni ya watu hujaa hadi barabarani. Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016 ni mbadala, ila linawatoa Kurasini kwenye malori ya bandari. Zamu ya asubuhi ya saa moja na nusu kutoka Kibada au Gezaulole itakutoa kitandani saa tisa na nusu, saa kumi. Maji ulizeni nyumba kwa nyumba: penye bomba la visima virefu vya Kimbiji ni maji mazuri, penye kisima kifupi cha mwenye nyumba mara nyingi ni ya chumvi. Yaonjeni, kisha fueni leso kwa sabuni ya kawaida. Povu lisipotoka, mtanunua maji ya kunywa na ya kufulia maisha yote.

Mapinga tuiache. Iko mbele ya Bunju, tayari ni Wilaya ya Bagamoyo mkoa wa Pwani, na kwa kazi za Upanga na Kariakoo kila siku ni magari mawili au matatu kupitia Tegeta na Mwenge. Ni pazuri kwa mtu mwenye kazi Tegeta, Mbezi Beach au Mwenge.

Mvua sasa. Msiende kuangalia kiwanja au nyumba Januari au Agosti mkaamini mlichokiona. Mkishindwa kusubiri masika ya Machi hadi Mei, someni alama ambazo masika ya mwaka jana yaliacha. Angalieni kuta za nje za nyumba za jirani, kuanzia chini kwenda juu: mstari wa kahawia ulionyooka kama umepigwa rula ni kimo cha maji yaliyotuama. Unga mweupe unaobanduka na plasta iliyovimba chini ya madirisha ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Ukuta uliopakwa rangi mpya hadi usawa wa kiuno tu, juu rangi ya zamani, unaficha kitu. Milangoni tazameni kizingiti cha tofali kilichoongezwa baadaye, viroba vya mchanga, au choo kilichojengwa juu na ngazi tatu nne wakati nyumba iko chini. Hicho choo kinasema maji ya ardhini yako karibu na shimo hujaa kwa kuingiliwa na maji. Mimea nayo inasema: matete, magimbi na migomba iliyostawi bila kumwagiliwa katikati ya kiangazi, maana yake ni bonde. Upande wa Barabara ya Bagamoyo, maeneo tambarare kama Boko Basihaya yanajulikana kwa maji kutuama hata pasipo na mto karibu, kwa hiyo msitazame mto tu. Na penye mto au kijito, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Karatasi ya mtaa haiwezi kukulinda na hilo.

Dalali akisema “mtajaza kifusi tu”, mpigieni hesabu. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 ni mita za mraba 300. Kukiinua nusu mita ni mita za ujazo 150. Lori la tani 10 hubeba mita za ujazo 6 hadi 7 za udongo, basi ni safari kama 23, na kifusi kikishindiliwa hushuka, kwa hiyo ongezeni tano au sita. Ulizeni bei ya safari moja mzidishe. Halafu kumbukeni kwamba ukijiinua, maji yanahamia kwa jirani, naye atajiinua, na njia iliyo katikati yenu itageuka mfereji.

Maji ya matumizi yapimeni kwa ndoo. Mko watano. Ndoo tatu za lita 20 kwa kila mtu kwa siku ni kiasi cha kubana, inakuja lita 300 kwa siku. Tangi la lita 2,000 litawapa siku sita na nusu, la lita 5,000 siku 16. Kwenye mgao mrefu wa maji, kama ule ulioikuta Dar es Salaam mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipopungua, tangi dogo halikutoshi hata ukiwa na bomba. Na kama mtategemea boza, yaani lori la maji, ulizeni mambo mawili: lori linafika mlangoni, na mpira wake ni mrefu kiasi gani. Boza la lita 10,000 halitamwagia mtu mwenye tangi la lita 2,000 kwa bei ya lita 2,000.

Umeme “uko jirani” haitoshi. Pimeni kwa hatua kutoka nguzo ya mwisho yenye waya hadi kiwanjani. Ndani ya mita 30 unaunganishwa bila nguzo, ukizidi hapo gharama inaongezeka kwa kila nguzo, na kusubiri nguzo kunaweza kuchukua miezi. Chukueni namba ya mita ya LUKU (ya umeme wa kulipia kabla) ya jirani muende nayo ofisi ya shirika la umeme, TANESCO, ya eneo hilo, wao watawaambia uhakika wa laini hiyo.

Kuhusu karatasi, hiyo “ishirini kwa ishirini” ya Chanika mara nyingi ni hatua za miguu, si mita. Hatua ya mtu wa kawaida ni kama sentimita 75 hadi 80. Hatua 20 kwa 20 ni mita 16 kwa 16, yaani mita za mraba 256, wakati ninyi mnafikiri mnanunua 400. Kile cha Kibamba cha mita 15 kwa 20 ni mita za mraba 300. Kwa hiyo kiwanja “kikubwa” cha Chanika huenda ni kidogo kuliko kile cha Kibamba. Mwambieni mume wako hili kabla ya lolote.

Kiwanja kilichopimwa kina namba, kitalu, ramani ya upimaji na bikoni, yaani alama za mpaka za zege, kwenye pembe. Andikeni namba na kitalu, nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri husika mkaombe upekuzi: Kibamba ni Manispaa ya Ubungo, Chanika ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Upekuzi utaonyesha jina la mmiliki, rehani na zuio. Kisha mlipeni mpima aliyesajiliwa aje na kifaa chake ahakikishe kwamba bikoni zilizopo ardhini ndizo zilizo kwenye ramani. Kosa la kawaida ni kuonyeshwa kiwanja cha mbele kizuri huku namba mnayonunua ni ya kile cha nyuma kwenye korongo. Muuzaji mwenye ndoa aje na mwenzi wake asaini ridhaa. Kama ni mali ya urithi, ombeni barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, si kikao cha ukoo peke yake.

Kwa kisichopimwa, ofisi ya serikali ya mtaa hushuhudia mauziano, lakini ushahidi wake unasema tu kwamba fulani na fulani waliuziana. Hausemi kwamba eneo hilo si la shule, barabara au msitu. Ulizeni mipango miji kama mchoro wa eneo upo na pamepangiwa nini. Majirani wa pande zote nne waitwe waonyeshe mpaka, uwe minyaa, mti au jiwe, na wasaini. Nendeni Jumapili jioni bila dalali mkawaulize: nani amekuwa akilima hapa, na kuna mwingine aliyewahi kuja kuonyeshwa? Kiwanja kilichouzwa mara mbili, majirani ndio huwa wa kwanza kujua.

Ushauri wetu kwenu, basi, ni kupanga Kibamba au Mbezi kwa mwaka mmoja kuanzia Desemba, umbali wa kutembea kutoka lami, kisha ndipo mnunue. Tunaelewa hamu ya mume wako ya kuinua kuta. Lakini baada ya Chanika mtabaki na milioni 9 na nusu. Hiyo itasimamisha msingi na kuta za nyumba ndogo, kisha mtasimama kabla ya paa, milango, shimo la choo, umeme na tangi, huku kodi ya Tabata bado inawangoja. Au mtahamia kwenye pagala na mama mgonjwa. Mkinunua Kibamba leo mtabaki na milioni 3, mtakuwa na kiwanja na bado mnapanga. Kupanga kule kwanza kunawapa masika nzima ya kuangalia kiwanja kile kile cha Kibamba. Aprili, saa moja baada ya mvua kubwa, mwende mkasimame juu yake. Maji yakiwa yanapita pembeni na njia ya kwenda lami inapitika kwa viatu vya kazini, nunueni. Kikiwa kimeuzwa, vingine vipo, na mtakuwa mnavijua bila dalali.

Mkipanga, angalieni mita ya LUKU: iwe yenu peke yenu, isiwe ya kuchangia na mpangaji wa uani. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU kila mwezi, na hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane kwenye mkataba aipunguze kwenye kodi yenu. Mkataba uandikwe kwamba kodi haitapanda ndani ya miezi 12, na kwamba akitaka kuwatoa atawapa notisi ya miezi mitatu. Dalali wa nyumba kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, mlipeni mkishakabidhiwa funguo.

Mtoto wa darasa la sita ahamishwe kwenye likizo hii ya Desemba au asihamishwe hadi amalize. Akishasajiliwa darasa la saba kwa ajili ya mtihani wa Septemba, kumhamisha kunaleta usumbufu wa usajili na anapoteza walimu waliomzoea. Mwalimu mkuu wa shule mnayotoka na wa mnayoingia wote wanahusika na uhamisho, kwa hiyo anzeni Novemba shule zikiwa bado wazi, na mwulizeni wa kule mnakokwenda darasa lina watoto wangapi na kama wanaingia kwa zamu.

Kwa mama mkwe, mwombe daktari wake barua ya kumhamishia kliniki mpya, na nakala ya vipimo vya karibuni na dawa anazotumia pamoja na vipimo vya dozi. Asipokuwa na kumbukumbu hizo wataanza naye upya. Ahame akiwa na dawa za mwezi mzima mkononi, na mara ya kwanza mpelekeni kliniki siku ya kawaida ya wiki mkitokea nyumba mpya, ili mjue ni gari gani na inachukua muda gani kabla ya siku ya dharura.